Niliuliza Ukuta Kwanza

Mama yangu alipokimbia vita upande wa Eringeti, alitembea siku mbili na majirani zake mpaka Oicha. Alipofika huko aliomba simu ya mtu asiyemjua ili anipigie mimi, mwanawe wa kwanza, niliyekuwa Butembo nimekaa kitini nikingoja rangi ikauke. Alisema, "Papa, ni mie." Kwetu mama humwita hivyo mwanawe wa kiume, kwa mapenzi. Akasema wamefika, hakuna aliyekufa katika kundi lao, nyumba wameiacha na hajui kama ingali imesimama. Nami nikauliza, "Na ukuta?"

Akasema, "Ukuta gani?" Kabla sijajibu, simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ni salio la yule mtu lililokwisha, au kama ni mama mwenyewe aliyemrudishia simu yake. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimemwaga mtungi mzima.

Lazima nieleze ukuta huo ulikuwa nini, ingawa kueleza hakunisafishi. Nyumba ya mama ilikuwa ya miti na udongo, kama nyumba nyingi za kule kwenye mashamba ya kakao. Kila Desemba, kabla ya Noeli, wanawake huikandika upya. Udongo hukanyagwa kwa miguu pamoja na majivu, hupakwa kwa viganja, kisha juu yake hupitishwa udongo mweupe tunaouita pemba. Wengi huishia hapo, au huongeza mstari mweusi wa masizi chini ili matope ya mvua yasionekane. Mama hakuishia hapo. Ukuta wa mbele, ule unaotazama njia, aliuchora kwa vidole udongo ukingali mbichi, bila kupima, bila kutia alama ya mkaa kwanza. Vidole viwili, pengine vitatu, pengine ubavu wa kiganja. Mistari ilipanda, ikapinda, ikakutana mahali ambapo hukutegemea, na wakati wote huo alikuwa akigombeza mbuzi na kumjibu jirani aliyekuwa akipita. Ukuta ulipoanza kukauka, yeye alikuwa amekwisha kunawa mikono. Desemba iliyofuata aliupaka wote matope mapya na kuanza mwingine, wala sikumwona hata siku moja akiutazama wa zamani kwa huzuni.

Aliyehuzunika nilikuwa mimi, kwa kuwa mimi ni mchoraji na nilijua kilichokuwa kikifunikwa. Basi kila Januari nilikwenda kumsalimu kwa mwaka mpya. Nilibeba sabuni, chumvi, kitenge kimoja, na simu yenye kamera nzuri. Nilikula alichopika, nilimsifu Mungu pamoja naye kanisani, na alipoondoka kwenda shamba niliupiga ukuta picha kipande kwa kipande kama mpima viwanja. Nikirudi Butembo niliihamishia mistari ile kwenye vitambaa vikubwa vya kuchorea. Palipokuwa na masizi niliweka buluu, palipokuwa na pemba niliweka manjano. Pembeni chini, mkono wa kuume, niliweka sahihi yangu.

Nilifanya hivyo miaka saba. Watu waliuita mtindo wangu. Wafanyakazi wa mashirika walinunua, wenye hoteli walinunua, na ukumbi mmoja wa utamaduni mjini ulinipa nafasi ya kuonyesha kazi zangu kila mwaka kabla ya Pasaka. Walinivika kilemba cha ukoka nami nikakikaza kisidondoke. Mara moja redio ilinialika, mtangazaji akaniuliza michoro hii huwa inatoka wapi. Nikanyamaza kidogo, jinsi nilivyoona wasanii wakubwa wakinyamaza, kisha nikajibu, "Inatoka ndani yangu."

Mwaka ule mama alipokimbia, nilikuwa nimemaliza picha zote za simu. Nilikuwa nikiusubiri ukuta mpya alioukandika wiki chache kabla, ambao sikuwa nimeuona. Ukumbi ulikwisha kunipangia mwezi. Ndiyo maana swali lile lilikuwa karibu sana na ulimi. Nasema hivi si kujitetea, maana mtu ambaye swali la namna hiyo liko karibu na ulimi wake anajulikana ni mtu gani.

Baada ya simu ile mkono wangu ulikataa. Haukukataa kila kazi. Mwenye saluni akitaka mkasi na kichwa cha kijana aliyenyolewa vizuri, nilimchorea asubuhi moja. Nilichora sahani ya samaki kwenye mlango wa mgahawa, nikaandika "Mungu Ni Mwema" kwenye ubao wa duka la vipuri, na herufi zilisimama sawasawa. Lakini nikisimama mbele ya kitambaa cheupe, changu mwenyewe, nilipoa mwili mzima. Nilijaribu kutunga mistari kichwani. Nilipomaliza na kurudi nyuma hatua tatu, niliona kitambaa cha meza. Nilijaribu tena, nikapata kitambaa cha meza kingine.

Ushauri haukukosekana. Mchoraji mwenzangu aliniambia nibadilishe chumba, nikahamia chumba cha nyuma, nikakaa bila kuchora huko nyuma. Mchungaji alinipaka mafuta viganjani na kuuombea mkono wangu, na mimi nilisema "Amina" huku nikijua kwamba sijamwambia ugonjwa wenyewe. Kila aliyeniuliza nilimjibu jambo moja: "Ni vita. Vita vimeniharibu kichwa." Walitikisa kichwa. Mwenye ukumbi alisema ananielewa, atangoja. Watu walinionea huruma kwa vita ambavyo mama yangu ndiye aliyevikimbia kwa miguu, na mimi huruma ile niliipokea, nikaila, nikashiba.

Wakati huo mama alikuwa amefika Beni, anakaa kwa dada yangu katika nyumba ya kupanga mtaa wa Beu. Kutoka Butembo hadi Beni si safari. Madereva huenda asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Mimi sikwenda kwa muda wa miezi kumi na minne. Nilituma magunia: viazi, kabichi, vitunguu vya majani, vitu vya baridi yetu ambavyo Beni kwenye joto havistawi. Nikiulizwa nitakwenda lini nilisema njia si salama. Dereva aliyekuwa akipakia gunia langu, ambaye alipita njia hiyohiyo kila siku, alinitazama tu akakaza kamba.

Kisha dada yangu alipiga simu. Ni mdogo wangu, huwa hanifokei. Siku hiyo alisema, "Kaka, mama hasemi tena sana. Magoti imevimba. Viazi tuko nazo mingi. Njoo wewe."

Nikafunga mfuko. Niliweka dawa ya kuchua magoti, nguo mbili, na chini ya nguo niliweka daftari jipya la kuchorea na penseli tatu nilizozichonga vizuri. Sitaki kudanganya hapa tena. Daftari ndilo nililolifunga kwa nailoni lisilowe. Nilikuwa nakwenda kumuuguza mama, na nilikuwa nakwenda kumkamua.

Pikipiki ilishuka milima ya Kabasha, joto likatupokea, nikavua koti. Nyumba ya dada yangu ilikuwa ya saruji, na mwenye nyumba alikuwa ameipaka rangi ya kijani ya mafuta mpaka usawa wa kiuno. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi mlangoni, akichagua maharage kwenye ungo, miguu ameinyoosha mbele kwa sababu haikunjiki tena. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Nilipopiga goti kumsalimu alinishika mashavu kwa mikono yenye vumbi la maharage.

"Umekonda," alisema. "Baridi ya kule inakukula. Bibi iko? Batoto beko?"

"Mke wangu na watoto, wote wazima, mama."

"Mungu asifiwe. Ingia, kula."

Nilikula ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Yeye alinitazama nikila. Nilimpa dawa, akasema wasingya, asante ya kwetu, akaiweka dirishani. Sikumwuliza njia ya Oicha ilikuwaje. Nilimwuliza kama anapata usingizi vizuri, swali ambalo mtu humwuliza mgonjwa asiyemfahamu.

Siku ya pili, dada alipokwenda sokoni, nilitoa daftari. Nilijitia kicheko. "Mama, nichoree kidogo tu. Ile ya kwenye ukuta. Nikumbuke nyumbani."

Alipokea penseli. Alilaza kiganja juu ya karatasi, akaipapasa polepole kama anavyojaribu ukuta kuona umefikia wapi. Kisha akasukuma daftari.

"Hii imeshakauka," akasema.

"Ni karatasi, mama."

"Naona. Imekauka mbele ya mi kuanza. Sasa mi nitafukuzana na nini?"

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilibaki na daftari mapajani, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, na aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Hakuwa amenikatalia. Alikuwa amenijibu kama fundi anavyomjibu fundi, na mimi nilikuwa nimemjia kama mwizi. Hapo nikamwambia yote. Picha za Januari, vitambaa, buluu mahali pa masizi, sahihi, ukumbi, wanunuzi. Nilisema haraka bila kumtazama. Nilipomaliza nilingoja anitolee machozi au laana.

Alichekecha ungo. "Ile kalenda ulituma mwaka ule," alisema, "yenye duka ilitoa, na picha yako juu."

Niliikumbuka. Duka moja lilikuwa limechapa kazi yangu kwenye kalenda, na katika upuuzi wangu nilimpelekea mama nakala moja.

"Chini kabisa, mukono wa kuume, iko alama zenye vidole tatu-tatu, zinatelemuka. Ulizichora muzuri sana. Hata moja hukusahau."

Nilizikumbuka hizo pia. Mgeni mmoja kutoka Kinshasa alisimama mbele yake robo saa, akasema hapo ndipo mchoraji anapothubutu.

"Ile ni kuku," mama akasema. "Ilitaka kuruka ku dirisha, matope ingali mbichi, ikashindwa, ikatelemuka na makucha. Mi nilichoka, nikaacha. Kumbe wewe ulienda kuiuzisha."

Akaanza kucheka. Mabega yalitikisika, maharage yakamwagika, nami nikacheka, tukacheka hadi nikafuta macho kwa shati. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilimwuliza, nikiwa nimepata nguvu, kama tangu zamani alikuwa akijua.

"Kijiji kizima tulijua. Mutu anapiga ukuta picha, anazani hakuna mwenye anamuona? Na radio nilisikiaka. Ulisema inatoka ndani yako. Nikabaambia bale ba mama ba kanisa, hasemi uongo. Inatoka ndani yake, na yeye alitoka ndani yangu."

"Mama, nitaandika jina lako kwenye zile zilizobaki."

"Jina yangu ikakae ku nyumba ya mutu mwenye simujui? Acha."

Aliinama kuokota maharage yaliyomwagika, nami nikaokota pamoja naye. Kisha, bila kuinua macho, akasema, kwa sauti ileile ya kawaida:

"Lakini ile siku ya Oicha, nilikuwa sijakula siku mbili. Simu ilikuwa ya mutu. Alinipatia dakika moja. Nilikuwa na namba ya dada yako na namba yako, nikapiga yako."

Nilisikia kila neno. Nilitaka kusema nisamehe, na neno hilo nilikuwa nalo tayari, nimelibeba miezi kumi na minne. Lakini nililiona dogo mno, nikashindwa kulitoa. Nilisema tu, "Ndiyo, mama." Tuliokota maharage mpaka yakaisha sakafuni. Usiku huo sikula. Ulikuwa upuuzi, kwa maana kulala kwangu na njaa hakukumlisha yeye wala kumpunguzia njia.

Asubuhi aliniamsha kwa fimbo yake ya kutembelea. Nyuma ya nyumba dada yangu ana jiko la miti na udongo, na ukuta wake wa upande wa jua ulikuwa umepasuka mpaka fito zinaonekana.

"Vua viatu," alisema. "Utakandika hii."

Kwetu mwanaume hujenga. Husimamisha miti, hufunga fito, hutupia udongo wa kwanza. Kukandika na kupaka ni kazi ya wanawake, na mwanaume anayeonekana amechovya viganja kwenye pemba atatajwa kwenye kila bomba la maji. Nilikunja suruali nikakanyaga matope. Majirani wanawake walitoka mmoja mmoja. Mmoja aliniuliza kama mke wangu amenifukuza. Mwingine alisema nikimaliza nipite kwake, na yeye ana jiko. Mama aliwajibu kwamba mimi ni msanii mkubwa wa Butembo, nimesikika ku radio, basi wakacheka zaidi, na sikujua kama ananitetea au ananilipiza. Nadhani yote mawili.

Niliziba nyufa, nikasawazisha, nikapaka pemba iliyochotwa bondeni. Mama alikaa kwenye kiti chake kifupi akiniambia hapa pazito, pale pepesi. Magoti hayakumruhusu kuchuchumaa. Kisha akasema, "Haya. Chora."

Nikachora haraka kitu nilichokijua: ile mistari ya mwaka wa tatu, iliyopanda kama mashina na kupindia kushoto. Nilikuwa nimeipaka kwenye vitambaa vinne, vidole viliikumbuka vyenyewe. Nilipofika nusu, mama alijikokota kutoka kitini, akaegemea fimbo, akafuta yote kwa kiganja kimoja kipana.

"Ile ni ya kule," alisema. "Kule hatuko tena."

Nikajaribu nyingine, akaifuta. Sikumwuliza kwa nini, nilijua ilikuwa ya mwaka wa tano. Jua la Beni lilikuwa limepanda na ukuta ulikuwa umeanza kupauka kwa juu. Hapo nikaelewa alichomaanisha aliposema atafukuzana na nini. Miezi yote ile nilikuwa na muda usiokwisha, chumba kimya, na kitambaa kinachoningoja mpaka nitakapokuwa tayari, na sikuwa tayari hata siku moja. Ukuta haukuningoja. Nikaweka vidole viwili nikavuta. Sikuwa na picha kichwani. Nilikuwa na jasho machoni, wanawake nyuma yangu, na mama kimya kando yangu, na nilikuwa na uchungu. Mistari ilitoka mizito, mifupi, iliyokatika. Katikati ilijaa mno, chini nilichelewa na udongo ukakwaruzika. Nilipofika mwisho nilifuta vidole kwenye suruali.

Mama alitazama muda mrefu. "Ni nini?" akauliza.

"Sijui."

"Sawa," akasema, na safari hii hakuinua kiganja.

Simu yangu ilikuwa ndani, kwenye mfuko wa koti. Niliiacha hukohuko. Jioni nilimchua mama magoti kwa ile dawa, na nilimwuliza njia ya Oicha ilikuwaje. Alinieleza mpaka chakula kikapoa. Kuna mambo aliyonieleza ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu ni yake, na nimeshachukua ya kutosha.

Niliporudi Butembo nilikwenda kwa mwenye ukumbi na kumwambia kazi za miaka saba zilitoka wapi. Alidhani ni unyenyekevu, akataka kuyaweka maneno hayo kwenye kijitabu. Nilimkatalia kwa ukali ambao hakustahili. Kisha nilianza kuchora. Sasa napaka kwanza kitambaa chote rangi nyepesi yenye maji, na nachora kabla haijakauka, na kikikauka nimekwisha, hata kama ni kibaya. Vingi ni vibaya. Kimoja au viwili navisimamia. Mkono umerudi, lakini sidhani ni kwa sababu nimesamehewa. Mama hajawahi kusema amenisamehe, na mimi sijawahi kuthubutu kumwomba waziwazi.

Wiki moja baada ya kurudi nilimpigia simu mchana, vidole vikiwa na rangi. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi, kama mtoto anayekwenda kusema mstari wa Biblia mbele ya kanisa. Alipopokea sikungoja hata salamu.

"Mama, umekula?"

Nilisikia redio ya jirani, na pikipiki ikipita.

"Ukuta iko muzuri, papa," akasema. "Haijapasuka."

Nyuma yake dada yangu alipasuka kicheko. Mimi sikuweza. Nilishika simu kwa mikono miwili, nikamwuliza tena kama amekula.